Fundi Ombati Niliyemtoa Kanisani

Ipo Jumapili moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yako akinisikia atanuna kidogo.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni majuzi tu, nafundisha shule ya msingi karibu na Nyakoe. Nilikuwa na suti moja, Biblia yenye jalada jeusi, na majibu ya kila swali. Kanisa likanifanya katibu, nami nikavimba kichwa.

Wakati huo alihamia pale sokoni fundi mmoja kutoka Tabaka, jina lake Ombati. Alichonga yale mawe laini ya kwao: mabakuli, na sanamu za ndege na viboko, akiwauzia wafanyabiashara waliovipeleka Nairobi. Alianza kuja kanisani na mkewe Moraa, aliyekuwa mjamzito, na binti yao Kerubo wa miaka minane hivi. Vumbi jeupe halikumtoka nyweleni hata aoge vipi. Akiketi, waliokuwa karibu walisogea wakikung'uta nguo. Aliona yote, lakini kila Jumapili alikuja.

Siku hiyo mchungaji hakuwapo, ibada niliishika mimi. Ombati akasimama, akaomba yeye na mkewe wabatizwe. Nikafungua ile amri ya kutojifanyia sanamu ya kuchonga, nikaisoma polepole, kisha nikasema, "Ndugu Ombati, chagua. Mikono inayochonga sanamu haiwezi kupokea meza ya Bwana."

Watu wakaitikia amina. Ombati akamshika Kerubo mkono, wakatoka, Moraa akiwafuata. Mimi nikasimama mlangoni nikipokea pongezi.

Aliyekataa kunipa mkono ni Mama Nyaboke, mjane aliyekuwa akifagia kanisa. Alingoja watu waondoke.

"Mwalimu, yule mtu anawaabudu viboko?"

"Hapana, mama."

"Anawasujudia wale ndege?"

"Hapana."

"Basi umemtoa kwa kosa gani?"

Nikaanza kumtajia aya. Akanikatiza bila ukali, "Aya naijua. Mimi nakuuliza habari za mtu."

Wiki zikapita, familia ile isionekane. Nikasikia Moraa amejifungua, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwona mtoto. Kwetu hilo si jambo dogo. Hata jirani mliyekosana naye, lazima uende kumwona mtoto wake. Alasiri moja Mama Nyaboke akaja shuleni na mkungu wa ndizi, akautua mbele yangu. "Beba," akasema. Nikaubeba kichwani nikiwa nimevaa suti yangu, nikapita katikati ya soko, wanafunzi wangu wakinitazama.

Tulimkuta Ombati uani, na Kerubo akisugua bakuli la jiwe kwa msasa ndani ya beseni la maji. Ombati alitukaribisha, akatufutia vumbi kwenye viti. Mama Nyaboke akaingia ndani kwa Moraa. Nami nikaanza maneno yangu marefu ya kujieleza. Ombati alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimezoea kusemwa. Lakini siku ile, tukiwa njiani, mtoto huyu aliniuliza kama Mungu anachukia kazi yangu. Sikujua nimwambie nini. Mjibu wewe."

Kerubo aliacha kusugua, akaniangalia. Nimewahi kukaguliwa na wakaguzi wakali wa shule, mwanangu, lakini sijawahi kutazamwa vile. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mungu hachukii kazi ya baba yako. Mimi ndiye niliyekosea."

"Utawaambia na wale wengine?" akauliza.

Niliwaambia Jumapili iliyofuata, nikiwa nimesimama mahali pale pale. Wazee wawili walitoka nje, na baadaye nikanyang'anywa ukatibu. Sikuujutia sana. Baada ya miezi kadhaa Ombati alirudi, akabatizwa, na tumezeeka marafiki. Kerubo alipokua akawa mwalimu mwenzangu. Moraa hakurudi. Alinipikia chai kwake, akanicheka nilipoota mvi, lakini mlango wa kanisa letu hakuukanyaga tena, nami nilijifunza kutomsukuma.

Basi sikia, mwanangu, maana nawe sasa wamekupa uongozi wa kanisa. Wengi tunaosema wameiacha imani hawakugombana na Mungu. Walisemwa mbele ya watoto wao, wakaketi peke yao kwenye benchi refu, na walipokosa kuja hakuna aliyebisha hodi kwao. Kabla hujamfungulia mtu aya, nenda kwake, unywe uji wake, umjue. Ukimkosea mbele ya watu, muombe radhi mbele ya watu hao hao. Akikataa kurudi, endelea kumsalimu kama ndugu.

Mungu akupe ulimi wa upole na miguu isiyochoka kuwatembelea watu. Mashamba yako yastawi, nyumba yako isikose wageni, na yeyote utakayemwongoza katika sala aondoke akiwa na amani zaidi kuliko alivyokuja.