Mayai ya Mama kwenye Kiti cha Nyuma

Gari langu ni kuukuu, limetoka Japani, na lina matundu mawili ya umeme. Moja liko chini ya redio, la mviringo, lile lililowekwa kwa ajili ya kuwashia sigara. La pili liko ubavuni mwa kiti cha nyuma, limefunikwa kwa plastiki, na ukifunua unakuta vijitundu viwili vyembamba kama macho ya paka aliyesinzia. Wengine wakinunua gari huuliza linakula mafuta kiasi gani. Mimi nilifunua kile kifuniko, nikayaona yale macho, nikasema hili ni langu.

Riwaya yangu ya kwanza niliimalizia humo. Napaki juu ya mteremko wa Sekenke, kompyuta mapajani, waya umechomekwa nyuma kwa adapta, na nchi ya Iramba imetandazwa chini kama ngozi iliyoanikwa. Siku ya mnada Ikungi vinyozi walizidiwa na wateja, nikachaji mashine ya kunyolea, nikamnyoa kaka yangu akiwa amekaa kwenye kiti cha abiria, miguu nje. Pasi ndiyo iliyonishinda. Niliichomeka mara moja tu, tundu likanyamaza kama mtu aliyetukanwa, likarudi kazini nilipoichomoa.

Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Gari la mwanangu lina ofisi, lina saluni, limekosa choo tu."

Nilimwacha aseme. Nililiamini lile gari, na bado naliamini.

Mwaka huu, upepo wa kipupwe ulipoanza kuvuma kwetu Unyambwa, kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, kiliingia bandani kwa Mama. Chanjo tulikuwa tumeichelewa. Kuku wa Mama si kuku wa kununua. Siku anaolewa, bibi alimpa mtetea mmoja ndani ya tenga, na kila kuku tuliyewahi kumchinjia mgeni, kila yai nililokula kabla ya mtihani, lilitoka kwenye ukoo wa mtetea yule. Sasa walikuwa wanadondoka, shingo zimepinda, mpaka akabaki mmoja, aliyekuwa ameatamia kwenye pembe ya jiko. Asubuhi moja tukamkuta kichwa amekilaza juu ya mayai yake. Amekufa, na mayai bado yana joto.

Mama hakulia. Aliyazoa mayai ndani ya kanga, akaniambia bila kugeuka, "Nenda mjini kwa dada yako. Kalete ile mashine."

Dada yangu hutotolesha vifaranga kwa mashine, na alikuwa na moja ndogo ya plastiki, yenye kifuniko cha kuonea ndani na tarakimu nyekundu za joto. Tuliiweka sebuleni. Mama hakuziamini zile tarakimu. Kila alipogeuza mayai alichukua moja, akaligusisha kwenye kope la jicho, kama alivyofundishwa na mama yake, kisha akalirudisha. Kope, alisema, halidanganyiki. Vidole vimezoea moto wa jiko. Na kila mara, kwa sauti ya chini, aliyasemesha kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia kwa watu wa ndani tu.

Siku zilipotimia, asubuhi moja mayai yalianza kugongwa kutoka ndani. Moja lilikuwa na kitobo, na ndani ya kitobo ncha ya mdomo, nyeupe, ikipumua. Tulikuwa tumeinama juu yake wote wawili pale upepo ulipovuma kwa nguvu, bati likalia, na kifeni cha mashine kikasimama. Tarakimu zikazimika.

Jirani yetu, kijana wa bodaboda, alifika getini akiwa bado juu ya pikipiki.

"Shikamoo Mama. Nguzo ya umeme imelala kule barabarani. Mafundi wanasema labda jioni."

"Marahaba. Jioni hawa watakuwa wamekufa," alisema Mama.

"Hawafi," nilisema. "Lete mashine kwenye gari."

Nililigeuza gari pua ielekee upepo, ili moshi upeperukie mbali nyuma. Tukaiweka mashine kwenye kiti cha nyuma, nikawasha injini, nikachomeka waya kwenye lile tundu la ubavuni. Taa ikawaka, kifeni kikaanza kuzunguka. Nikampigia Mama saluti.

"Mwandishi!" jirani alicheka. "Leo abiria wako hawana hata nauli."

Mama aliingia akakaa kando ya mashine. Baada ya muda akachukua yai ambalo halijatoboka, akaliweka kopeni.

"Mayai yanapoa."

"Taa inawaka, Mama."

"Taa ninaiona. Mimi nakupa habari za mayai."

Nilitazama tarakimu. Zilikuwa zinashuka polepole. Nikaanza kuwaza kuhusu macho ya yule paka. Gari lilitengenezwa kwa ajili ya Japani, na tundu lile linatoa umeme wa Japani, volti mia moja, wakati vyombo vya kwetu vimezoea zaidi ya mara mbili yake. Kompyuta haikuwahi kulalamika kwa sababu chaja yake inapokea umeme wowote. Lakini waya wa kupasha joto ndani ya mashine ya dada haukuwa na adabu hiyo. Ulikuwa unakula nusu ya chakula chake na kutoa joto la mgonjwa.

Sikuogopa. Nilihisi kama ninavyohisi sura ya kitabu inapokataa: najua mlango upo, bado sijaushika tu. Nilifungua hita ya gari mpaka mwisho, nikafunga madirisha, nikaacha upenyo upande wa Mama. Gari likawa na joto la jikoni. Mama akadai maji ya uvuguvugu, akawa anachovya vidole na kunyunyiza ndani ya mashine, kwa sababu joto kavu, alisema, humgandisha kifaranga kwenye ganda.

"Sasa zima injini basi," jirani alishauri, "unachoma mafuta bure. Betri itatosha."

"Betri ikifa hapa, hili ni otomatiki. Mnaweza kulisukuma mpaka Manyoni na lisiwake. Kama unataka kusaidia, chukua dumu ulete petroli."

Akaondoka mbio, vumbi likabaki.

Nyuma ya mashine kulikuwa na waya mwingine, mwekundu na mweusi, ambao dada aliuacha umekunjwa na kufungwa mpira. Ulikuwa wa kufungia kwenye betri ya gari. Nami nilikuwa na betri iliyokuwa ikichajiwa na injini, na tundu la sigara linalotoa umeme wake moja kwa moja. Kilichokosekana ni kichwa cha kuingia kwenye tundu lile. Cha chaja ya simu hakifai; kile huupunguza umeme. Nikafungua buti, nikatoa pampu yangu ya kujazia upepo tairi, nikaukata waya wake kwa kisu cha jikoni.

Jirani alikuwa amerudi na dumu. "Dada mwandishi! Pampu nzima kabisa!"

"Tairi nitaipeleka kwa fundi. Ukoo wa kuku hauna fundi."

Nilimenya waya kwa meno. Ncha ya katikati ya kichwa ndiyo chanya. Nikafuata waya wake kwa kidole, nikauunga na ule mwekundu, mwingine na mweusi, nikazungushia plastiki ya mfuko wa chumvi na kukaza kwa uzi. Nikachomoa waya wa ubavuni. Nikasukuma kichwa ndani ya tundu lililo chini ya redio.

Kifeni kilivuma kwa sauti nzito kuliko kwanza. Tarakimu zilisimama, zikapanda. Sikumwonyesha Mama. Nilingoja apime mwenyewe.

Alifumba macho, yai kopeni, muda mrefu. "Hili sasa ni joto la tumbo la mtetea," alisema.

Wa kwanza alitoka akiwa amelowa, akaanguka kifudifudi juu ya mayai ya wenzake, akalala kama mlevi. Akafuata mwingine. Yapo mayai yaliyobaki kimya, na Mama aliyasogeza pembeni. Lakini waliokuja walikuja na kelele, na gari lote likajaa sauti zao nyembamba, nami nyuma ya usukani nikasikiliza kama mtu anayesomewa kitabu chake kwa mara ya kwanza. Mama aliwaongelesha Kinyaturu mfululizo, akiwatajia bibi, akiwatajia yule mtetea wa tengani.

Jua lilipoegemea magharibi, mtaa mzima ulipiga kelele: umeme umerudi! Redio ya jirani ikaanza kuimba. Nilinyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Usizime," Mama alisema. Hakuinua macho. Mbele yake yai moja lilikuwa limepasuka nusu, na kilichomo ndani kilikuwa kimepumzika, kikikusanya nguvu. "Huyu bado yuko njiani."

Nikaurudisha mkono, nikakanyaga mafuta kidogo, injini ikanguruma.