Figa la Tatu la Nyanya Gesare

Ukiuliza kituo chetu kilianzaje utaambiwa habari za wazungu, za majani chai na za duka la kwanza la Mhindi. Mimi nitakuambia habari za nyanya yangu Gesare, kwa sababu kuna wakati mpaka wa kituo hiki ulikuwa chini ya chungu chake.

Kituo kimekaa kwenye mgongo wa kilima, juu ya Kaplong. Upande wa juu ni chai ya kampuni. Upande wa chini, mpaka mtoni, ni ardhi ya Wakipsigis. Katikati serikali ilikata kipande cha maduka ikasimika jiwe kila pembe. Mgeni kama Mkisii angeweza kukaa kambini akiwa na kazi, au ndani ya yale mawe akiwa na biashara. Kwingine, hapana.

Mwaka wa nzige babu yangu Bogonko aliangukiwa na mti yeye na wenzake wa kampuni wakifyeka msitu ili kupanda chai. Mvua ilikuwa imekata njia ya Kisii, wakamzika kwenye mteremko chini ya maduka. Nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi, na mwenye kazi alikuwa amekufa. Nyanya akafunga blanketi lake, akajenga kibanda kando ya kaburi, akauza uji. Hakulia. Aliniambia siku zile hata chumvi hakuisikia ulimini.

Mafiga mawili aliyapata mtoni. La tatu alilikuta kwenye nyasi, hatua chache juu ya mlango wake, limechongwa vizuri. Akalichimbua kwa jembe, akainjika.

Ikafika siku ya kupima viwanja vipya, na pembe moja haikuonekana. Karani wa serikali, Joab, mtu wa kutoka ziwani, alizunguka kutwa na arap Mosonik, mzee wa kijiji wa Kikipsigis. Mwishowe wakaketi kwa nyanya kunywa uji. Joab akainama akatazama motoni, akaona namba chini ya masizi.

"Mama," akasema, "unapikia juu ya serikali."

"Uji umeiva au haujaiva?" nyanya akauliza.

Arap Mosonik akacheka. "Hawa Wakisii ni wachonga mawe. Mkisii akiona jiwe, mkono unamwasha."

"Ulilitoa wapi?" Joab akauliza. Kisha akapunguza sauti. "Sikiza. Nionyeshe pale chini, penye mgomba. Nyumba yako itakuwa ndani ya kituo. Uji ni biashara, utakaa."

Arap Mosonik akageuka kutazama ng'ombe wake. "Mimi masikio yangu yako mtoni," akasema.

"Na kaburi?" nyanya akauliza.

Joab akakuna shingo. "Kituoni hakuwi na kaburi. Watamfukua, wampeleke pengine. Kwa heshima lakini."

"Likibaki nje?"

Hapo masikio ya arap Mosonik yakarudi kutoka mtoni. "Nje ni kwetu. Sisi mahali pa maiti hatulimi, wala ng'ombe hatupitishi. Yeye atalala. Lakini wewe, mama, utatoka."

Nyanya alimalizia kuwagawia uji. Akaepua chungu. Akalisukuma lile jiwe kwa mwiko, likibingirika na majivu, mpaka kwenye shimo lake juu ya mlango. Shimo lilikuwa bado wazi.

"Hapa," akasema.

"Mama, fikiria tena," Joab akamwambia.

"Nimeshasema hapa. Kunywa uji, unapoa."

Kibanda kikabomolewa wiki hiyo hiyo. Nyanya akarudi kwa kaka yake, Kisii, mama yangu akiwa mgongoni. Hakuolewa tena, na wanaume waliojaribu aliwapa uji wakaenda zao.

Nilipokuwa msichana nilimwuliza kama iliuma kuondoka. Alikuwa akichambua wimbi.

"Jiwe lilikuwa moto," akasema. "Ndiyo sababu nilitumia mwiko."

Mimi nimeolewa huku huku, na nina kibanda sokoni. Jiwe lingalipo nyuma ya posho mili, ile mashine ya kusaga unga, jeusi upande mmoja. Mteremkoni chini yake kuna kichaka ambacho hakuna aliyewahi kukifyeka. Ng'ombe wakikaribia, wajukuu wa arap Mosonik huwarudisha kwa mawe.