Swali la Picha ya Baba Mkwe

Kwenye jukwaa letu la picha mtandaoni, mgeni hasahihishwi siku ya kwanza. Anajibiwa salamu, anaulizwa ametokea wapi na ni picha gani inayomsumbua, ndipo mengine yanafuata. Vijana waliojiunga juzi wanadhani ni ukarimu wangu. Si ukarimu. Ni aibu, na leo naisema.

Studio yangu ilikuwa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, chumba kimoja chenye pazia la bluu. Babu alikuja kutoka pwani akiuza nguo, baba akashona, mimi nikapiga picha. Biashara huria iliporuhusiwa kamera zikamiminika, kila harusi ikawa na mjomba mwenye ya kwake, nami nikabaki na muda mwingi wa kukaa nikifikiri. Kwa hiyo duka la intaneti lilipofunguliwa karibu na soko, nilihamia humo.

Huko nikakuta Waswahili wenzangu wakijadili picha, si bei za lenzi, bali mambo mazito. Picha ni nini? Inasema kweli au inadanganya? Aliyepigwa ana haki gani juu ya sura yake? Wengi walikuwa wasomi wa Dar es Salaam, wengine walikuwa ng'ambo. Mimi wa darasa la saba niliona nimepata watu wangu. Nikajifunza kuandika kama wao, hata maneno ambayo sikuyaelewa vizuri, na baada ya mwaka wakanipa usimamizi.

Nilikuwa msimamizi mkali. Salamu nilizifuta kwa sababu zilijaza ukurasa, na mvua ikinyesha mtandao wetu ulikuwa unatambaa. Na Tukuyu ni lini mvua hainyeshi?

Siku moja akaingia mama mmoja. Aliandika aya nzima ya salamu: habari za kazi, za watoto, za mvua huko mliko. Kisha akasema anaishi upande wa Igogwe, analima ndizi na anatunza mafaili hospitalini, ndiko alikojifunzia kompyuta. Kwao, alieleza, mke hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Familia nyingi zimelegeza siku hizi, ya mumewe haikulegeza. Ameolewa miaka kumi na tisa bila kuiona sura ya mzee yule. Sasa mzee amefariki, na mume ametundika picha yake sebuleni.

“Je, kuitazama picha ni kumtazama yeye?” aliuliza. “Maana sebule yangu mwenyewe naipita nimeinamisha kichwa.”

Mwanachama mmoja wa ng'ambo alijibu kwamba hapa si ofisi ya ustawi wa jamii. Mimi nimezaliwa Tukuyu. Mila hiyo naijua, na tangu utoto nimewaona wanawake wakiacha njia. Lakini niliogopa wasomi wasije wakadhani na mimi ni wa migombani. Nikaandika: “Dada, picha ni karatasi na dawa. Karatasi haina ukwe.” Walicheka sana, nami nilifurahi, Mungu anisamehe.

Akajibu mstari mmoja: “Asanteni, samahani kwa usumbufu.” Hakuandika tena.

Haukupita mwezi, mwanamke mmoja akaingia studio na kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Alinisalimu kwa utaratibu, akauliza habari za nyumbani, akajibu za kwake, ndipo akaweka mzigo mezani. Mumewe alitaka nakala tatu za picha ya marehemu baba yake, za kuwapa ndugu. Aliufungua mzigo kwa kupapasa, uso ameuelekeza mlangoni, kisha akakaa kwenye kiti akiipa picha mgongo. Nikamtambua pale pale.

Niliitoa picha kwenye fremu, nikaanza kupanga taa.

“Kaka,” akasema, bado anatazama barabarani. “Wewe unamwona?”

“Namwona, mama.”

“Niliwahi kuuliza kwa wasomi, wakaniambia ni karatasi. Labda. Lakini mzee huyu, mwanangu wa kwanza alipougua, alitembea usiku kuleta dawa, akaiacha kizingitini, akakohoa ili nijue ipo. Nimemjua kwa kikohozi. Nisimulie alivyo. Kusikia hakukatazwi.”

Nikamsimulia. Nilimwambia amevaa koti refu na mabuti ya shambani, na tope hakufuta. Mkono mmoja umeshika kiti kama mtu asiyekiamini. Mdomo umefungwa lakini kicheko kinakaribia. Sikio la kushoto limekunjika kwa juu.

“Limekunjika?”

“Kwa juu, ndiyo.”

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga. “Kumbe ni sikio la mwanangu wa pili. Siku zote najiuliza amelitoa wapi. Ndaga fijo, asante sana, kaka.”

Pale ndipo ningepaswa kusema kuwa yule wa karatasi na dawa ni mimi. Sikusema. Alipoondoka nilikwenda kwenye intaneti, nikaliandika swali lake upya, nikalivisha maneno makubwa: sura, uwepo, mwiko, haki ya kutazamwa. Jina lilikuwa langu. Siku tatu mfululizo watu waliandika. Yule wa ng'ambo alisimulia kwamba picha ya marehemu mama yake ameifungia sandukuni, kwa sababu akiitazama anaona inamtazama. Wengine walileta za kwao, watu ambao hawakuwahi kuandika neno. “Swali zito, kaka,” waliniambia. “Swali bora kuliko yote tuliyowahi kupata.”

Sifa ile nilishindwa kuimeza. Nikachapisha kurasa zote, nikachukua na zile nakala tatu, nikazipeleka mwenyewe Igogwe.

Alinikaribisha barazani, akaniwekea kiti, akasoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akitumia kidole. Nilimwambia yote: kwamba mimi ndiye niliyemdhihaki, na kwamba swali wanalolisifu ni lake, nimebadilisha maneno tu. Nikamwomba radhi. Nikamwomba arudi jukwaani, nitasimama mbele ya wote niseme swali ni la nani.

Alizipanga karatasi sawasawa juu ya goti, akanirudishia.

“Kumbe swali halikuwa na kosa,” akasema. “Kosa lilikuwa mimi kuliuliza.”