Jua la Nyuki

Zamani watu walibishiana hodi. Siku hizi jirani yangu, fundi cherehani, huwabishia nyuki peke yao. Akishafunua mzinga, huwasaka mbawakawa wadogo weusi na kuwaponda kwa kastabini yake ya kushonea, huku akiwasuta: "Nani kakukaribisha, mdoezi wewe?" Mzinga wa kwanza walishamharibia: asali ikachacha, nyuki wakahama. Umebaki huu wa pili, nao ulikuwa kivulini, wanakopenda wadudu hao. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa jana, akiusukuma kwa toroli hadi uani kwangu.

"Mzee wangu, inuka. Umekalia jua la nyuki."

"Na mimi nikaote wapi?"

"Kwani wewe umeingiliwa na mbawakawa?"

Nikabeba kiti changu, mzinga ukakaa.