Chumvi Juu ya Barafu

Jaribio lenyewe lilikuwa la dakika mbili. Binti yangu, wa darasa la nne, alilaza uzi juu ya donge la barafu, akanyunyiza chumvi, akasubiri, kisha akavuta. Donge likanyanyuka pamoja na uzi.

"Mama, ona! Mwalimu kasema chumvi inaiyeyusha barafu lakini inazidisha ubaridi. Ndo maana uzi umegandia."

Mie nilikuwa napara samaki. Nikamjibu kwa kiburi kwamba nauza samaki Buguruni tangu yeye hajazaliwa, na barafu ya kwenye deli la kuhifadhia samaki naitia chumvi kila siku, sasa huyo mwalimu ananifundisha nini? Hiyo chumvi inafanya kazi gani hasa, sikuwahi kujiuliza.

Jumamosi iliyofuata umeme ulikatika tangu asubuhi. Binti yangu ana kisukari. Asubuhi na jioni lazima achomwe insulini, na kichupa kilikuwa kimoja tu, kwenye friji iliyokwisha kuanza kuchuruzika maji. Nilipagawa. Nikanunua barafu kwa jirani, nikasugua deli la samaki, nikakifukia kichupa katikati. Kisha mkono, kwa mazoea tu, ukachota chumvi.

Jioni nilipokitoa, dawa ilikuwa imeganda. Nikakisugua viganjani, nikakipulizia pumzi, huku namlilia Mungu. Binti yangu akakichukua, akakiinua dirishani.

"Mama, umetia chumvi?"

Nikamshika mkono, tukatoka kutafuta insulini nyingine.

Maduka mawili ya dawa hayakuwa nayo. Njia nzima ya kwenda hospitali, sukari ikimpanda, aliomba maji, na kila alipokunywa akataka tena. Nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Hospitali, muuguzi alimchoma nyingine, akakitupa kichupa changu, maana insulini ikishaganda haifai tena.

"Pole, mama," aliniambia. "Ungekiweka tu kwenye mtungi wa maji. Ubaridi wake ungetosha."

Mtungi tunao. Ulikuwa pale pale kando ya deli, nimeuegemeza ukutani ili nipate nafasi ya kufukia barafu.

Siku hizi umeme ukikatika binti yangu hanisubiri. Anatia kichupa kwenye kikopo, anakishusha mtungini, halafu anachukua mkebe wa chumvi jikoni na kwenda kuuficha. Simuulizi kauweka wapi. Mchuzi wa siku hiyo tunakula hivyo hivyo, hauna chumvi.