Kufaulu na Kutofaulu kwa Wale Watano

Severina Gidamis aliondolewa ualimu wa kwaya ya kigango chetu hapa Gitting, baada ya miaka kumi na mmoja, kwa sababu ya ripoti ya kurasa nne kuhusu katuni ya Kijapani. Ripoti hiyo ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Ilitaja dhamira kuu na dhamira ndogondogo. Aliyeiandika hakuwa ameiangalia katuni yenyewe, isipokuwa dakika kumi na nane za sehemu ya kwanza, tena huku akimenya viazi. Aliyeiandika ni mimi.

Nimefundisha fasihi ya Kiswahili tangu mwaka 2001, nilipopangiwa kazi huku nikitokea Kagera na shahada yangu mkononi na sweta moja tu, ambalo halikutosha kwa baridi ya mlima Hanang. Kwa muda wote huo nimewakasirikia wanafunzi wanaojibu swali la kitabu ambacho hawajakisoma. Nawatambua kwenye mstari wa pili. Wanatumia maneno mazito mahali ambapo aliyesoma angetaja jambo lililotokea. Ripoti yangu ilijaa maneno mazito.

Severina mwenyewe nilimfundisha. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2003, akakosa alama chache za kwenda chuo cha ualimu, akajifunza ushonaji, akaolewa na Urban, mkulima wa ngano, na kufungua kibanda cha cherehani karibu na soko. Ualimu alioukosa serikalini aliupata kanisani. Kwaya ya wasichana aliikuta na waimbaji saba, akaifikisha ishirini na sita, baadhi yao mabinti wa wafugaji kutoka tambarare za chini, ambao wazazi wao hawajabatizwa lakini huwaruhusu waje kuimba.

Katuni iliingia nyumbani kwake kupitia binti yake, Glory, aliyerudi kutoka Katesh na memori kadi iliyojazwa kwenye kibanda cha filamu. Severina aliketi naye kwa nia ya kuipiga marufuku. Hadithi yenyewe ni ya aina inayopendwa sana Japani: wasichana wanaunda kundi la kuimba na kucheza, wanavaa sare, wanashindana, na mashabiki wanawapenda kupita kiasi. Ilikuwa na sehemu kumi na tatu na jina refu ambalo hakuna aliyeweza kulitamka, hivyo mama na binti wakaiita Wale Watano. Maneno yaliandikwa chini kwa Kiingereza. Severina alikuwa akiisimamisha picha, ananakili neno kwenye daftari na kulitafuta katika kamusi. Sehemu moja ilimchukua siku mbili. Marufuku ikasahaulika.

Kutoka kwa Wale Watano alichukua jambo moja akalileta kwenye kwaya: katikati ya wimbo, mstari wa nyuma unapita mbele na wa mbele unarudi nyuma, ili kila mwimbaji aonekane. Kabla ya hapo, mabinti wa wafugaji walikuwa wamesimama nyuma tangu siku yao ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka sababu. Wazazi wa mabinti wa mbele ndio walioanza kusema kwamba Severina ameleta disko kanisani.

Mwezi Agosti 2024 yakaja mashindano ya kwaya. Asubuhi hiyo Frida, mwimbaji wetu kiongozi, aliamka na homa. Alisema ataimba hivyo hivyo. Severina alimvua sare kwa mikono yake, akamkabidhi kwa mama yake wampeleke zahanati, na kwaya ikaimba bila sauti yake kuu. Tulikuwa wa nne. Kwaya zilikuwa nne.

Baada ya hapo wazazi hao wakailaumu katuni, na baraza la kigango likataka kujua inafundisha nini. Mzee Hermani, mwenyekiti wetu, alisema, "Tunaye Mwalimu Perpetua, ana digrii ya mambo hayo. Atuchambulie." Ningekuwa na akili ningeomba muda. Nilikuwa na digrii, kwa hiyo nilisema itakuwa tayari Jumapili.

Niliandika kwamba mhusika mkuu ni msichana asiye na shukrani, anayewatoroka wenzake kwenda mjini kutafuta umaarufu, kwa kuwa katika dakika ya kumi na nane nilimwona akipanda treni na begi. Niliandika kwamba msanii amefaulu katika rangi na ameshindwa katika maadili. Hitimisho langu lilisomwa kwa sauti mbele ya baraza, mara mbili, kwa sababu lilipendeza. Severina akaambiwa apumzike.

Jumamosi iliyofuata, mchana, alibisha mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Severina. Karibu ndani. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Sikai, nimeacha gauni la watu kwenye cherehani. Nina swali moja tu. Uliangalia sehemu ngapi?"

"Niliitazama kwa ujumla."

"Kwa ujumla ni ngapi?"

"Mchambuzi mwenye uzoefu, Severina, anaweza kutokana na mwelekeo wa mwanzo..."

"Yule msichana wa kwenye treni alikuwa anaenda wapi?"

"Mjini."

"Kufanya nini?"

"Kutafuta umaarufu," nikasema, na sauti ilikuwa imeshapungua.

"Alikuwa anaenda hospitali, Mwalimu. Koo linamuuma. Sehemu ya pili inaanza tu, anashuka na dawa mkononi. Ungevumilia kidogo ungemwona."

Aliniachia memori kadi na daftari lake. Nilipolifunua nilikuta vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari kwa rula: Wahusika, Mandhari, Dhamira, Kufaulu, Kutofaulu. Ulikuwa mpangilio wangu wa kidato cha nne. Tofauti ni kwamba chini ya kila kichwa palikuwa na mambo.

Kwa upande wa kufaulu, aliandika kwamba hadithi inaonyesha mazoezi, si jukwaa pekee: "Sehemu ya nne wanarudia hatua moja tangu mwanzo hadi mwisho, mmoja anaanguka mara saba, na hakuna anayemcheka wala anayembembeleza." Alisifu pia kwamba kila msichana anapewa sehemu yake ya hadithi, hata yule mkimya anayesahau maneno.

Kwa upande wa kutofaulu alikuwa mkali kuliko mimi, na alikuwa na haki. "Kila wimbo wana nguo mpya na fundi haonekani. Nani aliwapima?" "Mama zao wako wapi? Nani anapika?" "Meneja anawakataza wasiwe na wachumba, ili mashabiki wasiudhike, na mtunzi anaona ni sawa. Si sawa. Binti si mali ya wanaompigia makofi." Kisha hili, ambalo nililisoma nimesimama: "Sehemu ya kumi na moja msichana mmojawapo ana homa kali, anaimba hivyo hivyo, watu wote wanalia kwa furaha. Hapa mtunzi anatudanganya. Mtoto mwenye homa analazwa."

Likizo ya Desemba niliziangalia zote kumi na tatu, kwa mpangilio, bila viazi. Nakiri kwamba nyimbo zake zinafanana mno, na kwamba niliziimba nikifagia. Nakiri kwamba katika sehemu ya tisa, msichana wa treni anapopoteza sauti kabisa na kubaki kuwafundisha wenzake, nilihitaji leso. Nililaumu vumbi. Ulikuwa msimu wa mvua.

Jumapili ya baraza nilisimama na kueleza kwamba ripoti yangu haikuwa na msingi, kwa kuwa sikuwa nimeiangalia kazi niliyoihukumu. Kisha Mzee Hermani akavua kofia.

"Mwalimu, hilo wanafunzi wanaliitaje? Kudesa?"

"Ndiyo, Mzee. Kudesa, kunakili kazi ya mwenzako."

"Sasa wewe ulidesa kwa nani?"

"Hata wa kudesa kwake sikuwa naye, Mzee. Nilibuni."

Walicheka mpaka katekista akafunga dirisha, watoto wa Kipaimara wasisikie. Nilistahili, na niliwaacha wamalize. Kisha nikawasomea daftari la Severina, kutofaulu kwanza. Benedict, baba yake Jenifa wa mstari wa mbele, hakuridhika.

"Maneno mazuri. Lakini tulikuwa wa nne! Homa kidogo tu, angeimba dakika tano akaenda kulala."

Scolastica, mama yake Frida, hakuwa na desturi ya kusema barazani. "Ilikuwa mapafu, Baba Jenifa," alisema. "Zahanati walituambia kwamba kama tungeumaliza mchana pale uwanjani, tungerudi na mengine. Wewe ungependa kuwa wa kwanza kwenye msiba?"

Benedict akaketi. Mzee Hermani alimuuliza Severina, aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi, kama ana la kuongeza.

"Sina, Mzee. Ila nikirudi, mstari wa nyuma utapita mbele. Kama hamtaki, mtafuteni mwingine."

Walibishana karibu saa nzima. Nilitaka kuchangia mara mbili, na mara mbili Mzee Hermani alinionyesha kwa kiganja nikae.

Tarehe 9 Februari 2025 Severina Gidamis alirudishiwa kwaya. Kupishana mistari hakuruhusiwi wakati wa misa, bali uwanjani baada ya misa, na katika mashindano ya Agosti mwaka huo kwaya yetu ilikuwa ya tatu.