Nyanya, Jaji na Maji Matamu

Nikikanyaga kivumbasi, harufu yake hunirudisha moja kwa moja Kisauni, kwenye kijia nilichopita na nyanya yangu, Mwanasha, kwenda kuteka maji. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu. Visima vya kwetu vilitoa maji ya chumvi, chai yake haikunyweka. Cha maji matamu kilikuwa kimoja, upande wa Nyali, na aliyekichimba ni babake nyanya.

Asubuhi moja tulikuta kijia kimezibwa kwa seng'enge. Jaji wa Kizungu, mmoja wa wale wa mahakama ya juu kabisa ya koloni, alikuwa amehamia jumba jipya, na kisima kimeingizwa ndani ya ua wake. Watu walimwogopa. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba kazini huvaa nywele za bandia, nikamhurumia kwa joto la Mombasa.

Nyanya aliuinua waya, tukapenya. Askari wa mlangoni alikuja mbio, na nyuma yake jaji mwenyewe, amevaa kaptura, kikombe mkononi.

"Mama, huyu ni jaji," askari alinong'ona. "Mwamkie."

"Nimwamkie mimi? Umri wangu wamshinda. Yeye ndiye aniamkie."

Jaji alikijua Kiswahili. "Kama una dai, nenda mahakamani."

"Na huko atakayehukumu ni nani?"

"Mimi, au mwenzangu."

"Basi wallahi siendi! Kisima uchukue wewe, na kesi uikate wewe? Hiyo chai unayokunywa ni maji ya babangu. Anza kuihukumu hiyo."

Akateka maji yake mbele yao, akanitwika kidebe changu. Hatukufika mbali. Askari alimpeleka nyanya kituoni, akalazwa ndani, na kesho yake adhuhuri akaachiwa kwa onyo kali. Alfajiri iliyofuata alichukua ndoo tena. Safari hii majirani, wote kina mama, walitufuata, na vyombo vyao kichwani.

Jaji alitutazama kutoka barazani. Hakumwita askari. Hakutuomba radhi wala hakuung'oa ule waya. Aliuacha tu upenyo wetu, mpaka alipostaafu akarudi kwao.

Mimi nilisoma sheria, na uzeeni nikaketi katika mahakama ya juu ya nchi iliyokwisha kuwa huru. Zaidi ya mara moja wakubwa walinijia faragha wakitaka niamue wapendavyo. Niliwafungulia mlango watoke. Wenzangu waliniuliza kama sikuogopa. Niliogopa mno, hata kalamu nilishindwa kuishika vizuri.

Hapo ndipo nilipomwelewa nyanya. Siku ile mbele ya jaji, alipokuwa akinitwika, mikono yake ilitetemeka hata maji yakanimwagikia mabegani. Miaka yote ile nilidhani ni uzito wa debe.